Kikorea kihifadhiwe kwa mizizi, si kwa orodha

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba anayejifunza Kikorea peke yake ana hazina aliyotoka nayo chuoni, kwenye masomo ya Qurani, wala haitumii. Amezoea kuhifadhi kwa murajaa, yaani kuyarejea tena na tena aliyoyahifadhi, na sikio lake linajua kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Akifika kwenye Kikorea anayaacha yote hayo: anashusha orodha ya maneno 1,000, anakariri 50 kwa siku, na baada ya wiki tatu yamemchanganyikia. Nguvu nyingi, mavuno haba.

Sehemu kubwa ya msamiati wa Kikorea imetoka Kichina, kama sisi tulivyochota Kiarabu. Silabi 학 (hak) ni kusoma, na ukoo wake ni mkubwa: 학교 shule, 학생 mwanafunzi, 학기 muhula, 방학 likizo ya shule, 대학 chuo kikuu, 과학 sayansi. Iandike silabi katikati ya ukurasa, maneno yake yaizunguke, na kila ukikutana na jingine liongeze hapo hapo. Mtego upo: 수 (su) ya 수학, hisabati, ni hesabu, lakini 수 ya 수영, kuogelea, ni maji. Ni kama safari na sifuri. Kwa herufi za Kilatini utadhani zina mzizi mmoja, kumbe kwa Kiarabu moja ina sini na nyingine ina sadi. Maneno ya asili kama 물 (maji) na 밥 (wali) hayana njia hii. Hayo kariri tu.

Andika kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea, tangu mwanzo. Herufi za msingi ni 24, na Kilatini kitakupoteza: 커피 ni kahawa, 코피 ni damu ya puani. Kinachoyatenganisha ni irabu moja ambayo Kiswahili hakina, na anayeandika "kopi" kwa yote mawili hataisikia tofauti hata akiambiwa.

Kitenzi nacho kisikae peke yake kwenye kadi ya kukariri, yenye Kiswahili upande mmoja na Kikorea upande wa pili. Sisi kanzu tunavaa, kofia tunavaa, makubadhi tunavaa. Kwa Wakorea nguo ni 입다, kofia 쓰다, viatu 신다. Kwa hiyo andika 모자를 쓰다, kuvaa kofia, na 신발을 신다, kuvaa viatu, kila kitenzi na chake.

Sasa murajaa. Maneno mapya 10 kwa siku yanatosha. Yarejee baada ya siku 1, 3, 7, 14 na 30. Mwezi ukishapita, kila siku utakuwa na maneno 50 ya kurejea juu ya yale 10 mapya. Ukichukua 20, murajaa unafika 100, na mzigo huo mwenye kazi au shule hauwezi. Tazama upande wa Kiswahili, litamke neno la Kikorea kwa sauti, ndipo ugeuze kadi. Kulisoma tu neno lililo mbele ya macho hukufanya ulizoee, si ulikumbuke. Ulilosahau lianze tena siku ya kwanza. Na siku ukizidiwa, acha mapya, murajaa usiuache.