Mensa Ifundishwe, Hafifu Vivyo Hivyo

Mtoto wa Dar es Salaam akisoma habari za nyota, aghalabu huanzishwa na Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo hawezi kuiona akiwa kwao, kwa kuwa haichomozi kabisa. Mensa, kundinyota linalopita juu ya upeo wake wa kusini, haitajwi. Mimi napinga mpangilio huo.

Najua hoja ya wanaoiacha: haionekani vizuri. Ni kweli. Kati ya makundinyota 88 yanayotambuliwa rasmi, hakuna jingine ambalo nyota yake kuu ni hafifu kiasi hiki. Mjini kwenye taa huioni. Lakini nyota hiyo kuu, Alfa ya Mensa, inafanana sana na Jua letu na iko umbali wa miaka ya nuru 33 hivi. Kumwonyesha mtoto jinsi Jua lingeonekana kutoka huko, nukta ya kutafutwa kwa jicho lililozoea giza, ni somo ambalo nyota angavu haziwezi kulitoa.

Halafu kuna Afrika ndani yake. Nicolas-Louis de Lacaille, mwanaastronomia Mfaransa, alifika Cape Town mwaka 1751. Kwa darubini ndogo yenye lenzi ya nusu inchi alipima mahali pa nyota karibu 10,000, kazi ambayo hadi leo inanistaajabisha. Akabuni makundinyota 14, mengi akayaita kwa majina ya vyombo vya sayansi na sanaa: saa, darubini, hadubini. Moja tu alilipa jina la mlima uliokuwa mbele ya macho yake kila siku, Mlima wa Meza. Ndiyo Mensa, yaani “meza” kwa Kilatini. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, mlima ule hujifunika wingu jeupe kama kitambaa cha meza. Na huko juu, ukingo wa Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani yetu, unaingia ndani ya Mensa.

Wanasayansi hawajaidharau. Mwaka 2018 TESS, chombo cha angani kinachotafuta sayari za nyota nyingine, kiligundua sayari yake ya kwanza ikiizunguka nyota Pai ya Mensa, na mzunguko wake mmoja huchukua siku 6 na ushei.

Kwa hiyo mwalimu aliye kijijini, mbali na taa, asingoje mtaala. Mapema Februari, saa tatu usiku, pasipo mbalamwezi, awaelekeze watoto kusini. Waanze na Suheli, yaani Canopus, nyota angavu kuliko zote upande huo. Washuke chini, kulia kidogo, mpaka kwenye doa la ukungu lisilosogea: hilo ndilo Wingu la Magellan. Mensa iko chini yake tu. Awape muda wa kutosha, na simu zote ziwe zimezimwa.