Wapiga Mbizi Wachache, Chewa Wengi: Naunga Mkono Mipaka ya Cabo de Palos

Kila kiangazi kinapofika, wapiga mbizi wanaokwenda Cabo de Palos, katika mkoa wa Murcia kusini mashariki mwa Hispania, hulalamikia jambo lile lile. Nafasi za kuingia katika hifadhi ya bahari ni chache, vibali hujaa mapema, na maji yanayozunguka visiwa vidogo vya Hormigas yamefungwa kabisa, ilhali wavuvi wa hapo wanaruhusiwa kutega nyavu zao katika eneo la hifadhi lililo nje ya sehemu hiyo iliyofungwa. Malalamiko haya nimeyasikia gatini na nimeyasikia melini, mara nyingine kutoka kwa watu waliosafiri kutoka mbali na kutumia fedha nyingi. Ninawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kwa maoni yangu mipaka hiyo ni ya haki, na kama kuna siku itafaa kubadilishwa, basi ibadilishwe kwa kukazwa.

Kwanza ni vyema kueleza mahali penyewe palivyo. Rasi ya Cabo de Palos haiishii pale nchi kavu inapoishia, kwa kuwa mgongo wake wa mwamba unaendelea chini ya maji kuelekea baharini na kuinuka hapa na pale kuwa vilima: Bajo de Piles, Bajo de Dentro, kisha visiwa vya Hormigas vyenyewe, na nje kabisa Bajo de Fuera. Kilele cha Bajo de Dentro kiko mita chache tu chini ya uso wa bahari, na kuta zake zinateremka hadi zaidi ya mita 50. Vilima vya namna hiyo, ambavyo macho ya nahodha hayavioni, vimezamisha meli nyingi. Inayokumbukwa zaidi ni Sirio, meli ya Kiitalia iliyokuwa imejaa wahamiaji waliokuwa wakielekea Amerika Kusini, ambayo tarehe 4 Agosti 1906, mchana kweupe na bahari ikiwa shwari, iliparamia Bajo de Fuera, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wengi kati ya walionusurika waliokolewa na mashua za wavuvi na vyombo vidogo vilivyokuwa karibu. Ninalitaja tukio hili kwa sababu wageni wengine huwazungumzia wavuvi wa pale kana kwamba ndio wavamizi, ilhali wao walikuwapo katika maji hayo vizazi vingi kabla mtu yeyote hajafikiria kushuka na mtungi wa hewa mgongoni.

Msomaji aliyezoea miamba ya matumbawe ya Mnemba au Chumbe atahitaji kuigeuza picha aliyo nayo kichwani. Kwetu mwamba ulio hai unategemea mwanga: matumbawe hukua vizuri katika maji ya vuguvugu yasiyo na kina kirefu, jua likiyafikia. Katika Mediterania, utajiri mkubwa wa mwamba huanza pale mwanga unapofifia, kwa kawaida kuanzia mita 20 na kitu kwenda chini. Huko mjenzi mkuu ni mwani mwekundu wenye chokaa, unaojitandaza juu ya jiwe tabaka juu ya tabaka, na kuongeza unene usiofika hata milimita moja kwa mwaka. Juu ya tabaka hizo hukaa sponji, briozoa (wanyama wadogo mno wanaoishi kwa koloni), marijani mekundu yaliyojificha chini ya vibanda vya mwamba, na gorgonia, wanyama wanaoishi kwa koloni zenye umbo la kipepeo cha kupungia moto, wakingoja mkondo uwaletee chakula. Gorgonia mkubwa mwekundu hurefuka kwa sentimita moja au mbili tu kwa mwaka. Hesabu iko wazi: koloni yenye urefu wa mita moja huenda ilianza kukua kabla ya mpiga mbizi anayeitazama kuzaliwa.

Bila tochi, ukuta wa gorgonia katika mita 35 ni wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, kwa sababu maji huumeza mwanga mwekundu mapema kabisa, ndani ya mita chache za mwanzo. Washa tochi, na ukuta mzima utageuka kuwa mwekundu wa damu ya mzee, huku ncha za baadhi ya matawi zikionekana za manjano. Ukisogea karibu zaidi, bila kugusa, utaona kwamba kila tawi limefunikwa na midomo midogo iliyofunguka, kila mmoja ukiwa na minyiri minane, na kwamba yote hufumba kwa pamoja ikiguswa na mapovu au na mchanga uliotimuliwa na mapezi ya mtu asiyejali. Ni hapo ninapokosa subira na watu wanaodai kwamba mpiga mbizi haharibu kitu, eti yeye anatazama tu.

Kina chenyewe kina bei yake. Katika mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu, kwa hiyo mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia lita 100 akiwa chini. Mtungi wa lita 15 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 200 una lita 3,000 kwa jumla, na katika hizo lazima ibaki akiba ya kupandia. Majedwali yanayotumiwa sana na wapiga mbizi wa burudani yanatoa dakika 20 katika mita 30, na katika mita 40 dakika 9 tu, kabla ya nitrojeni iliyojikusanya mwilini kumlazimu mtu kusimama njiani wakati wa kupanda. Isitoshe, kuanzia mita 30 hivi nitrojeni hiyo hiyo huanza kulevya akili, na mtu huweza kujiona hodari wakati ambapo hawezi hata kusoma geji yake sawasawa. Maji nayo hupoa ghafla: unaweza kuondoka juu kwenye nyuzi 25 na kukuta nyuzi 15 chini ya mpaka wa tabaka mbili za maji. Kuna watu wanaosafiri kwa ajili ya kuandika tu namba ya kina katika daftari lao. Kwangu hao ndio wa kwanza kupunguzwa, maana muda wanaoupata huko chini hautoshi kuona kitu, na mtu mwenye haraka na nusu ulevi ndiye anayejishikilia kwenye gorgonia mkondo unapomsukuma.

Tena kina peke yake hakileti samaki. Katika kina kinachozidi mita 30 kuna miamba mingi ya Mediterania iliyo mitupu, mtu akishuka anakuta jiwe, wavu uliokatika na samaki wawili watatu wadogo. Kilicholeta samaki Cabo de Palos ni mkondo mkali unaopita kwenye rasi, pamoja na amri ya mwaka 1995 iliyoanzisha hifadhi ya bahari ya karibu hekta 1,900, na ndani yake eneo la visiwa vya Hormigas ambamo uvuvi na upigaji mbizi wa burudani vimepigwa marufuku. (Mwaka huo huo Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ni kubwa zaidi kwa mbali na ina vijiji vya watu ndani yake.) Watafiti wa Chuo Kikuu cha Murcia wamekuwa wakihesabu samaki wa hapo kwa miaka mingi, na chewa ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote.

Chewa wa Mediterania huanza maisha akiwa jike, na hugeuka dume baada ya miaka mingi, akishakuwa mkubwa. Kwa hiyo mvuvi wa mkuki anayechagua samaki mkubwa kuliko wote kwenye mwamba huwa anaondoa madume, na majike wanaobaki hukosa wa kuzaa naye. Huwezi kurekebisha hali hiyo kwa kufunga mwamba mwaka mmoja, inahitaji miongo. Leo Bajo de Dentro chewa wenye urefu wa karibu mita moja hukaa wazi juu ya mwamba, wakitikisa mapezi ya ubavuni polepole, na mmoja aliwahi kunikaribia hadi nikaona alama za weupe zilizotawanyika kwenye ngozi yake ya kahawia na jicho likizunguka kunifuata. Juu yake, katika maji mepesi, kundi la mizia lilikuwa limesimama dhidi ya mkondo. Samaki anayemwendea binadamu namna hiyo hajawahi kuona mkuki.

Je, wapiga mbizi nao wana madhara gani? Katika visiwa vya Medes, kaskazini zaidi katika pwani ya Catalonia, ambako uvuvi ulikatazwa tangu 1983, watafiti walichunguza briozoa wenye umbo la majani membamba ya chokaa, dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa. Mahali palipowekwa boya la kufungia mashua, na hivyo kuanza kutembelewa na wapiga mbizi wengi, idadi ya koloni ilishuka kwa nusu ndani ya mwaka mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa 1998. Hakuna aliyekwenda pale kwa nia ya kuharibu, na nina hakika wengi wao walikuwa watu wenye mapenzi ya dhati na bahari.

Ndiyo sababu lalamiko kwamba wavuvi wanapendelewa halinishawishi. Wanaoruhusiwa ni wa mashua ndogo zilizoorodheshwa, wanatumia zana za kienyeji zilizopangiwa masharti, na wanakula kutokana na samaki wanaofurika kutoka eneo lililofungwa. Ukiwaondoa wao na kuwaachia wageni nafasi yao, hifadhi itapoteza walinzi wake wa karibu kabisa. Lawama yangu ni moja, nayo ni juu ya ugawaji: vibali hupitia zaidi kwa vituo vya kupigia mbizi, na kituo chenye nafasi za kujaza hakina sababu ya kumkatalia mteja asiyeweza kukaa wima katika maji. Kila mgeni angepaswa kwanza kupiga mbizi ya majaribio katika maji ya kina kidogo, mbele ya kiongozi mwenye mamlaka ya kumwambia hapana.

Liko tishio jingine ambalo boya wala doria haviwezi kulizuia. Kiangazi cha 1999 joto la maji lilidumu muda mrefu kaskazini magharibi mwa Mediterania, na gorgonia wengi wakafa kwenye pwani za Ufaransa na Italia. Ikatokea tena 2003, na tena 2022. Gorgonia aliyedhoofishwa na joto hubaki mifupa mitupu sehemu fulani na nyama hai sehemu nyingine, na katika hali hiyo pezi moja linalomgonga linaweza kummaliza. Katika kiangazi cha namna hiyo ningependa kuta za gorgonia zifungwe kwa wiki kadhaa, hata ikiwa ni Agosti na hoteli zimejaa. Vituo vitasema kwamba huo ndio mwezi unaowalisha mwaka mzima, na ni kweli. Lakini katika baadhi ya vijiji vya Pemba wavuvi wa pweza, wanaume na wanawake, hukubali kufunga miamba yao kwa miezi kadhaa, wakiwa na kipato ambacho mmiliki wa kituo cha kupigia mbizi cha Hispania asingethubutu kukiita kipato. Kama wao wanaweza kusubiri pweza akue, sioni kwa nini sisi tunaoshuka kwa starehe tushindwe kuusubiri Septemba.