Haidrojeni ya makapi ya miwa: kwani nani alisema ni takataka?

Ukitoka Kisumu kuelekea Muhoroni wakati viwanda vinasaga, huwezi kukosa kuona mlima wa makapi ya miwa, bagasi kama wanavyoiita watu wa kiwanda, na ndani ya matatu lazima kuna mtu atasema hii kitu yote inaoza tu na watu wanalia bei ya mafuta. Saa hii wimbo umebadilika, si stimu (umeme) tena wala makaa ya kubana, ni haidrojeni, gesi ya nishati, eti itengenezwe kutoka kwa hizi takataka za shambani.

Na sayansi yake iko, hakuna uchawi. Unapasha makapi makavu moto wa kama digrii 800 ndani ya tangi lenye hewa kidogo sana na mvuke, hayawaki, yanageuka gesi, ndani yake kuna haidrojeni na ile kaboni monoksaidi inayoua watu wakilala na jiko la mkaa. Hiyo kaboni monoksaidi unaipiga mvuke tena, unapata haidrojeni zaidi na kaboni dayoksaidi. Tani moja ya makapi makavu inaweza kukupa kama kilo 70 hivi za haidrojeni, mtambo ukiwa mzuri. Kilo moja ya haidrojeni ina nguvu ya lita tatu na kitu za dizeli, kwa hivyo si mchezo.

Lakini nimesema makavu. Bagasi ikitoka kwa mashine nusu yake ni maji, so tani mbili ndio zinakupa moja, na kuikausha pia kunataka moto. Halafu kuna lami, hii gesi hutoka na lami inayoganda kwa mabomba, na mitambo mingi ya aina hii duniani imeshindwa hapo, si kwa haidrojeni yenyewe.

Kitu kinanisumbua zaidi ni hilo neno takataka. Nenda Trans Nzoia uokote magunzi ya mahindi uone kama hutaulizwa, mama anapikia hayo. Mabua ni ya ng'ombe. Nyasi ya mpunga kule Ahero inalisha mifugo, unga wa mbao wa Elburgon na Molo unatandikwa kwa nyumba za kuku. Bagasi yenyewe ndio inawasha boila ya kiwanda, ukiichukua yote utachemsha sukari na nini, kuni? Kila kitu kina mwenyewe, ni vile tu hatoi risiti. Na ukisema ukusanye kutoka shamba moja moja, hii ni mizigo myepesi lakini mikubwa, lori linajaa hewa na dizeli inaisha barabarani. Kwa hivyo mimi naona kama ni kufanya, ifanywe palepale kiwandani penye rundo, na kwa ile inayobaki baada ya boila kushiba.

Sasa ya kufanyia nini? Magari hapana jamani. Haidrojeni ni nyepesi mno, kuiweka kwa tangi la gari unaibana mara 350 hadi 700 ya presha ya hewa ya kawaida, pale Kondele mjini Kisumu nani atakuuzia hiyo. Mbolea ndio hesabu inaanza kuingia, kwa sababu haidrojeni ikiunganishwa na nitrojeni ya hewani unapata amonia, na amonia ndio mama wa mbolea. Mpango wa haidrojeni ambao serikali ya Kenya ilizindua Septemba 2023 pia unaangalia mbolea sana, ila wao wanategemea kupasua maji kwa stimu, na hiyo inakula kama yuniti 50 na zaidi kwa kilo moja. Kuna kitu watu hawasemi hapa: yurea, mbolea ya nitrojeni, haitengenezwi na haidrojeni pekee, inataka kaboni dayoksaidi pia. Stimu ya Olkaria, ile ya joto la ardhini, ikipasua maji haikupi hiyo, lazima uitafute kwingine. Makapi yanakupa zote mbili kwa mtambo mmoja. Hapo ndio nakubali wazo lina mguu.

Ila tusisahau kiwanda cha sukari cha Mumias. 2009 waliweka mtambo wa megawati 38 wa kuchoma bagasi, stimu ikaingia gridi, kila mtu akapiga makofi. Miaka kumi baadaye kampuni ilikuwa mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaodai. Mtambo haukuwa shida, shida ilikuwa madeni na miwa kuisha, na mtambo wa haidrojeni ni ghali na mgumu kuliko ule, hautaki kuzimwa na kuwashwa kila kiwanda kikikosa miwa. Kwa hivyo kabla ya haidrojeni ningetaka kuona viwanda vyetu vinaweza kusaga miezi mingi mfululizo bila kufunga, na vinachoma bagasi kwa boila za kisasa, hiyo tu ingekuwa hatua.

Halafu kuna ya mkulima. Kwa miaka mingi amelipwa kwa uzito wa miwa, basi. Makapi hayakuwa kwa hesabu yake kwa sababu yaliitwa takataka. Siku yatatoa mbolea, atauziwa hiyo mbolea bei gani, na nani atamkumbusha kwamba ilitoka shambani kwake?