Siku niliyoitwa mwanga Mji wa Kale

Jamani mie hobi yangu kupiga picha vishada vya nyota, na hapa Mombasa hiyo yataka subira ya Nabii Ayubu, taa za bandarini na za barabarani zimeifanya mbingu kama chai ya maziwa. Basi usiku mmoja wa Disemba stima zikapotea mtaa mzima. Watu wasonya, mie nachekelea.

Nikapanda darini mbio na kikoi tu, kifua wazi kwa lile joto, kamera ya mtumba na lensi ya milimita 200. Kilimia, kile kishada cha nyota, hicho hapo, chameremeta! Kiko mbali kama miaka ya mwanga 440, yaani mwanga niliokuwa naunasa uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus 1593, na hiyo Fort Jesus ni pua na mdomo na kwetu. Sina ile mota ya kufuata nyota kwa hivyo kila picha sekunde mbili tu, ukizidisha nyota zavutika kama tambi, wapiga mia mbili halafu programu yazirundika ziwe moja. Na unyevu wa bahari hutia ukungu kwenye lensi, dawa yangu ni soksi ilojaa chumvi ya moto naifunga pale kwenye lensi. Tochi nimeivisha kitambaa chekundu, macho yasisahau giza.

Sasa wewe uko barazani wajipepea, watupa jicho juu waona mtu kifua wazi, taa nyekundu, soksi yaning'inia, na anong'ona "themanini na moja... themanini na mbili..."

"Mwanga! Jamani mwanga!" Bi mkubwa wa nyumba ya pili huyo.

Akili yangu yote iko kwenye nyota, nikajua taa yangu yawachoma macho. Nikajibu kwa adabu, "Shikamoo bibi, niwie radhi, nauzima sasa hivi!" Nikazima tochi.

"Kapoteaaa!"

Mara Ayatul Kursi kila dirisha, tochi za simu zote juu, champali ikaruka ikanipata bega, nikarudi kinyumenyume, soksi ikafunguka ikaanguka mpaka chini ikapasuka miguuni kwake. Chumvi! Basi ndio kabisa.

Mzee mmoja wa kahawa akauliza, "We kijana, wafanyani huko?"

"Napiga picha Kilimia, babu!"

"Aaa, Kilimia. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwacheni, hana neno huyo."

Nusura nipone. Wanga nao, kila mtoto wa pwani ajua, hutembea uchi, na hapo ndipo stima zikarudi, mtaa wote mweupe, mie nimesimama ukingoni nawapungia mkono, kikoi kimenaswa na mguu wa stendi ya kamera.

Picha ya 83 ina Kilimia chote na champali yapita katikati. Asubuhi nikamrudishia bi mkubwa champali yake, akaipokea kwa kijiti.