Umeme wa Hiace Yangu Unakula Posho Njiani

Mtaani kwetu daktari hakuna, mwanasheria hakuna, maji yanatoka kwa zamu, lakini mafundi taa wamejaa tele. Hata muuza mihogo ni fundi taa. Wewe egesha tu Hiace yenye taa za rangi ya chai ya rangi, fungua boneti, uone wanavyochomoza. "Hiyo balbu, kaka." "Balbu wapi, hiyo betri!" "Ingekuwa betri, stata ingepiga? Alteneta hiyo." Na wakati huo kila mmoja ameshaingiza mkono, anavuta waya wake. Mwenye gari unaachiwa kazi moja tu ya kushikilia boneti, kwa sababu kile chuma chake cha kuegemea kilishapotea siku nyingi.

Hiace yenyewe ni ya enzi za Mzee Mwinyi. Nabeba machungwa kutoka Muheza, naingia Dar kabla hakujapambazuka. Maana yake kipande kikubwa cha safari, Segera kwenda Msata, nakimaliza gizani, malori yananijia uso kwa uso, na mimi naendesha kwa kukisia. Kuna sehemu utingo wangu alikuwa anatoa mkono dirishani na tochi ya simu, ananisomea ukingo wa lami: "Kulia, bosi. Kulia. Kulia zaidi, hapo ni mtaro." Taa zangu ziliwaka ili wengine wajue kuna gari linakuja. Kunionyesha barabara halikuwa jukumu lao.

Halafu zina tabia mbovu. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa kubwa ya kushoto inafifia, inarudi, inafifia, inarudi, wanawake wa kituoni wanadhani nawakonyeza. Ukiweka fulu, yaani taa za kumulika mbali, taa ndogo ya pembeni ndiyo inawakawaka kinyonge, fulu yenyewe imenuna. Ukipiga honi, ya kulia inazima kwa heshima. Trafiki mmoja alinisimamisha, akazunguka mbele ya gari, akaniambia washa dimu, zile za kumulika karibu. Nikawasha. Akaniambia, "Nimesema washa." Akaniandikia elfu thelathini huku anacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Sikuona kitu chochote, kulikuwa na giza.

Fundi mmoja akasema dawa ni balbu kubwa. Balbu zangu ni H4 za kawaida, wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. Akaniletea za 100 kwa 90. Tukaondoka Muheza kwa mbwembwe. Hatujafika mbali, utingo ananusa nusa: "Bosi, kuna mtu anachoma ndoo?" Hakuna ndoo. Soketi ya taa ilikuwa inayeyuka. Waya ni ule ule mwembamba, unalazimishwa kupitisha karibu mara mbili ya mzigo wake, mwanga umeongezeka kiduchu tu, moto ndio umepatikana wa kutosha.

Akaja mpwa wangu. Huyu amesoma. "Anko, dunia imehama, funga LED." Tukafunga, zikagoma kuwaka. Gari langu, na Toyota nyingi za rika lake, chanya inakwenda moja kwa moja kwenye taa, na swichi ya usukani inachezea hasi. Sasa LED ni kitu cha madaha, ukiipa chanya na hasi kwa mpangilio isioutaka haifanyi kazi. Wakakata, wakageuza, zikawaka. Nyeupe pee! Nikasema leo Mungu amenikumbuka. Kumbe lile bakuli la taa limechongwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu uliokaa mahali pake palepale. Ukiweka kitu kingine, mwanga unakwenda unakotaka wenyewe. Nikawa nawaona popo wa Muheza kwenye miembe, mmoja mmoja, mpaka masikio. Shimo lililoko mbele ya tairi, silioni. Kila lori linanipigia fulu, na moja likasimama kabisa, dereva akashuka ili tuongee kiutu uzima. Nikazing'oa. Mpwa amezifunga kwenye bodaboda yake, sasa hivi anaisumbua Mbagala nzima.

Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja pale Gerezani, hana kibao, hana ovaroli, ana kistuli na mita. Yule mzee hakugusa waya. Alisema, "Washa injini, washa taa, kaa pembeni." Akapima betri: volti 13.8. Akachomeka mita nyuma ya balbu: 10.6. Akanionyesha.

"Bwana mkubwa, volti tatu ziko wapi?"

"Mzee, mimi nitajuaje? Sijazichukua."

"Zimeliwa njiani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Umeme wa Hiace ni mradi wa maji wa kijiji. Fedha zinatoka Dodoma kamili. Zinapita kwenye fyuzi yenye kutu, wanamega kidogo. Hata njia ya kurudi inakula: ile swichi ya usukani ya upande wa hasi, ampea tisa za taa zote mbili zinapitia kwenye kichuma chake kimoja kilichoungua, nayo inajilipa posho ya kikao. Kila kiungio kilichosokotwa kwa vidole kinadai nauli. Za taa zenyewe, zimebaki za kununulia bomba moja na utepe wa uzinduzi. Na balbu haijui uvumilivu: ukiipunguzia volti kwa robo, mwanga hauanguki robo, unaanguka zaidi ya nusu. Miaka yote mafundi wananibadilishia balbu, yaani wanamfukuza mwenyekiti wa kijiji na hela inaliwa wilayani!

Mzee akafungua solotepu. Jamani. Kila aliyewahi kumiliki gari hili aliacha ukumbusho. Kuna waya wa spika. Kuna waya wa kengele ya mlango. Mahali pa rilei, ile swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, rilei haipo, wamepiga dairekti. Na katikati, kiungio kimoja kimefungwa kwa mfuko wa plastiki, rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019, huku kwangu bado iko kazini kwa ajira ya kudumu. Mzee akaushika kwa vidole viwili, akauliza kama ninao mwingine.

Ethi ya kushoto, pale umeme unaporudia kwenye bodi, ilikuwa bolti moja iliyokaa juu ya rangi na kutu, na taa kubwa, indiketa na taa ndogo zote zinagombania hapo hapo. Umeme ukikosa pa kurudia unatafuta uchochoro, ndiyo maana nawasha fulu inawaka taa ndogo. Mzee akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akakaza, akapaka grisi. Konyezo likafa siku hiyo hiyo.

Kisha akafunga rilei mbili, moja ya dimu, moja ya fulu. Rilei moja ni bei ya sahani ya wali kuku, na mimi nilishakula balbu za kujenga kibanda. Waya mnene wa milimita za mraba 4 ukatoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri ili kukitokea shoti gari lisiwe mkaa, ukaingia rilei, ukaenda taa. Ile swichi ya usukani imebaki na kazi ya kuamrisha rilei tu, haifiki hata nusu ampea. Imenyang'anywa fungu. Tukapima tena: 13.3, kwa balbu zile zile za wati 55 nilizoambiwa nizitupe.

Sasa naona, na shida zangu zimehamia kwingine. Zamani nilikuwa naingia kwenye shimo bila kujua, moyo umetulia. Siku hizi naliona kwa mbali, nalikaribia, natafuta pa kulikwepea, kulia shimo, kushoto shimo, naingia kwa macho yangu mawili. Na mama watoto ameshasikia kwamba gari linaona usiku. Misiba yote ya ukoo wake huko Handeni, niliyokuwa naikwepa kwa kusema "taa hizi, mama, tutaua watu," imepangiwa ratiba.

Nikiwa namlipa mzee, akazunguka nyuma ya gari. Akapiga magoti karibu na taa za breki, akachokonoa kidogo kwa bisibisi, na kikachomoza kitu cha bluu, chepesi, chenye vishikio.

"Bwana mkubwa, na huku tufungue?"

Nikamwambia rudisha hicho kitu kama kilivyokuwa, funga, mimi machungwa yananisubiri.