Boksi la vilipuzi likishafunguliwa, lebo yake haina kazi tena

Vilipuzi hupangwa kwa aina ya hatari yake, kuanzia 1.1 hadi 1.6, na namba hiyo huandikwa kwenye lebo. Lebo za 1.1, 1.2 na 1.3 zina mchoro wa bomu linalopasuka. Ya 1.4 haina mchoro huo. Ina namba kubwa tu juu ya rangi ya chungwa. Mtunza ghala akiiona anadhani ameletewa mzigo mwepesi. Anaurundika popote, anafungua katoni moja, anachanganya mabaki ya katoni mbili ndani ya moja, na siku zinapita bila kinachomshtua. Hapo ndipo ninapoona hatari iliyozoeleka kuliko zote katika kazi hii: watu wanaichukulia namba ya lebo kuwa ni ya kitu kilichomo ndani, kumbe ni ya kifurushi kizima, kama kilivyofungwa siku kilipopimwa.

Ushahidi mzuri ni detoneta, kile kiwashio kidogo cha kushtulia baruti. Detoneta za umeme za kulipulia miamba zina namba tatu za Umoja wa Mataifa za kutambulisha mizigo ya hatari: 0030 ambayo ni 1.1B, 0255 ambayo ni 1.4B, na 0456 ambayo ni 1.4S (herufi nitazieleza hapo chini). Kazi ya kifaa ni ileile. Kinachotofautisha namba hizo ni tabia yake kikiwa ndani ya kifungashio, na hapo mpangilio ndio unaoamua mengi. Waya uliokunjwa kuzunguka kila detoneta, pamoja na vigawanyio vya ndani ya boksi, huzuia mshtuko wa moja usiifikie ya jirani. Ikilipuka moja, inabaki moja. Ukizitoa kwenye mafungu yake na kuzilaza pamoja kwenye droo au kopo, kinga ile imekwisha. Ulicho nacho sasa kinaweza kulipuka chote kwa mkupuo mmoja, yaani 1.1B, hata kama katoni tupu pembeni bado imeandikwa 1.4. Hata urefu wa waya una maana: zenye waya mfupi zina mkunjo mdogo wa kuzitenganisha, kwa hiyo matokeo ya zenye waya mrefu hayawezi kuhamishiwa kwao hivihivi.

Kwa asiyeufahamu mfumo, vitengo vya Daraja la 1, yaani la vilipuzi, ni sita. 1.1 hulipuka karibu shehena yote kwa wakati mmoja. 1.2 hurusha vipande. 1.3 huungua kwa moto mkali, na mshindo au vipande vyake ni vidogo. 1.4 madhara yake hubaki karibu na kifurushi. 1.5 ni vigumu kuvishtua, ila vikishtuka hulipuka kwa mkupuo kama 1.1. 1.6 ni vifaa vigumu mno kushtuka na visivyo na mlipuko wa mkupuo. Herufi inayofuata inaeleza kipi kinaweza kukaa na kipi: B ni ya detoneta na jamaa zake, D ni ya baruti kuu isiyo na kiwashio, G ni ya fataki na vitu vya mwanga na moshi. S maana yake kifungashio kimeyabana madhara kiasi kwamba zimamoto wanaweza kufanya kazi jirani na kifurushi.

Namba hizi hupatikana kwa majaribio, na ni vyema kila anayetia sahihi hati za mzigo ajue jaribio la 6(c) linafanywaje. Rundo la vifurushi lenye ujazo usiopungua mita za ujazo 0.15 huwekwa juu ya wavu wa chuma na kuwashiwa moto wa kuwaka angalau dakika 30. Mita 4 kutoka kwenye rundo, pande tatu, husimamishwa mabati ya alumini ya mita 2 kwa 2, unene milimita 2. Bati likitoboka, au kipande cha chuma kikiruka kwa nishati inayozidi jouli 20, mzigo ni 1.2. Ulimi wa moto ukivuka bati, au vipande vinavyowaka vikitupwa zaidi ya mita 15, ni 1.3. Kabla ya hapo, jaribio la 6(a) hulipua kifurushi kimoja na 6(b) rundo, kuona kama mlipuko unasambaa.

Sasa linganisha. Kontena la futi 20 hubeba takriban mita za ujazo 33, zaidi ya mara 200 ya rundo lile la 0.15. Na rundo la 6(c) liliungua hewani, gesi ikitoka inakotaka. Ndani ya chuma kilichofungwa, moto unapandisha shinikizo, shinikizo linaharakisha moto, na kilichokuwa kinaungua kinaweza kuishia kulipuka.

Enschede, Uholanzi, ililipa gharama hiyo. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lilishika moto katikati ya mtaa wa makazi. Watu 23 walikufa, wanne wao wazimamoto. Sehemu ya fataki zilikuwa kwenye makontena ya chuma, na uchunguzi ulionyesha kwamba nyingi zilikuwa kali kuliko namba zilizoandikwa. Wazimamoto wale walikuwa wakizima moto wa mzigo uliopewa jina la upole. Baadaye Umoja wa Mataifa uliweka jedwali la kupangia fataki zisizopimwa: kombora la fataki lenye kipenyo cha milimita 180 au zaidi ni 1.1G moja kwa moja, na hata dogo kuliko hapo huingia 1.1G likiwa na unga wa mshindo unaozidi asilimia 25. Naliunga mkono jedwali hilo kwa sababu linaanza na dhana mbaya zaidi, na anayetaka namba nafuu ndiye anayetakiwa kuleta majaribio.

Ghalani, mchanganyiko nao hubadili hesabu. Mzigo wa vitengo tofauti ukikaa pamoja, wote huhesabiwa kwa kitengo kikali zaidi, kwa mfuatano huu: 1.1, 1.5, 1.2, 1.3, 1.6, 1.4. Ukiweka 1.5D pamoja na 1.2, vyote huwa 1.1. Kinachohesabiwa ni uzito halisi wa kilipuzi, bila boksi wala ganda. Kwa 1.1 umbali wa usalama hufuata kipeuo cha tatu cha uzito huo: kwa majengo yanayokaliwa kizidisho kinachotumika sana ni 22.2, kwa hiyo kilo 8,000, ambazo kipeuo chake cha tatu ni 20, zinadai mita 444. Punguza mzigo mara nane, umbali unapungua nusu tu. Ndiyo maana kuhamisha magunia machache hakuokoi ghala lililojengwa karibu mno na nyumba.

Kuna na mzigo unaolipuka bila hata kuwa Daraja la 1. Amonia naitreti yenye vitu vya kuungua visivyozidi asilimia 0.2 ni namba 1942, daraja la 5.1, yaani la vitu vinavyochochea moto; vikizidi hapo inageuka 0222, yaani 1.1D. Dizeli iliyomwagika, mbao chakavu au vumbi la makaa sakafuni vinatosha kuuharibia mzigo sifa yake. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, amonia naitreti iliyolipuka ilitokana na shehena ya tani 2,750 iliyowekwa kwenye ghala moja la bandari.

Ninachodai kwa kila ghala ni hiki. Hati ya upangaji ikae pamoja na mzigo, ikionyesha namba, kitengo, herufi, uzito halisi na kifungashio kilichopimwa. Ufunguaji wa maboksi ufanyike nje ya chumba cha kuhifadhia. Detoneta zisilale chumba kimoja na baruti hata usiku mmoja. Boksi lililofunguliwa likirudi, liandikwe upya kwa kitengo kikali zaidi kinachowezekana, na kwa detoneta hicho ni 1.1B, mpaka mtu mwenye mamlaka ya upangaji athibitishe vinginevyo. Na ubao wa mlangoni, ule ambao zimamoto watausoma kabla ya kuamua kuingia au kukimbia, ubadilishwe siku ileile.