Mwaka Upi Hasa Unaokatwa? Shahada ya Kwanza na Naturopathia kwa Mpango Mmoja

Taja mpango wa 3+4 mbele ya watu wa afya, na jibu litakuja haraka: njia ya mkato hiyo. Mwanafunzi wa Marekani anasoma miaka mitatu ya shahada ya kwanza, mara nyingi biolojia au lishe, kisha anahamia chuo cha naturopathia, yaani tiba inayotegemea njia za asili kama lishe na mimea, kwa miaka minne. Masomo ya mwaka wake wa kwanza huko yanarudishwa nyuma na kuhesabiwa kuwa ndio mwaka wa nne alioacha kuusoma, na chuo chake cha awali kinamtunuku shahada. Miaka minane inakuwa saba. Wenye mashaka wanauliza: watu ambao tayari wanaitwa madaktari nusu, leo wapunguziwe tena?

Nadhani swali hilo linalenga mahali pasipo na kidonda. Mafunzo ya tiba hayaguswi hata kidogo. CNME, baraza linaloidhinisha vyuo hivi Marekani na Kanada, linadai saa zisizopungua 4,100 za mafunzo, na 1,200 kati ya hizo ni za kliniki, mbele ya mgonjwa. Aliyekuja kwa 3+4 anakaa saa zilezile na aliyekuja na shahada kamili mkononi. Wote wawili wanafanya NPLEX, mtihani wa kupata leseni, sehemu ya kwanza ikiwa ya sayansi za mwili na ya pili ikiwa ya tiba yenyewe, na karatasi ya mtihani haiulizi ulifikaje.

Kilichoondoka ni mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na mahali pake pamekaa anatomia, fiziolojia, biokemia na histolojia, yaani elimu ya tishu za mwili. Sijui ni mwaka gani wa nne wa biolojia ulio mzito kuliko huo. Wanafunzi wengi wanaofuata njia ndefu hujikuta wakisoma biokemia mara mbili, mara ya pili kwa ada ya juu zaidi. Wala naturopathia haikubuni mtindo huu: kiropraktiki, yaani tiba ya uti wa mgongo kwa mikono, na upimaji wa macho zina mikataba ya aina hiyohiyo. Uingereza, anayetaka kuwa daktari huingia chuo cha udaktari moja kwa moja kutoka sekondari, na India naturopathia na yoga, yaani BNYS, ni shahada ya kwanza yenyewe, miaka minne na nusu pamoja na mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Hata hivyo, matangazo ya mpango huu yana jambo linalonikera. Yanasema unaokoa ada ya mwaka mzima. Mwaka upi? Ule wa bei nafuu. Miaka minne ya naturopathia, ndiyo ghali, inabaki vilevile. Mtu aliyekuwa akisoma chuo cha serikali ya jimbo lake, labda akiishi kwa wazazi, anaokoa kiasi kidogo kuliko anavyoahidiwa, na anaingia mapema zaidi kwenye mikopo ya shahada za juu, ambayo riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa. Sheria ya Julai 2025 imeongeza ugumu kwa kuufuta Grad PLUS, mkopo wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026. Faida ya kweli ni kuanza kazi mwaka mmoja mapema. Si ndogo, ila anayeifikia ni yule aliyemaliza na kupata leseni.

Hoja ya upande wa pili inayonisumbua kweli ni nyingine kabisa. Naturopathia inafundisha lishe na ushauri wa mtindo wa maisha, mambo ambayo daktari yeyote angeyakubali. Lakini inafundisha pia homiopathia, tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, ambayo baraza la utafiti wa tiba la Australia, NHMRC, lilihitimisha mwaka 2015 kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa inauponya. Mwanafunzi anayeingia darasa la namna hiyo anahitaji jicho kali la kusoma utafiti, na jicho hilo hunolewa zaidi mwaka wa nne: tasnifu, takwimu, semina za kuchambua makala za kisayansi. Ukikata mwaka huo bila kufidia, umekata palepale panapohitajika zaidi. Tena wahitimu wengi wa naturopathia hawapitii mafunzo marefu ya hospitalini baada ya kuhitimu, ambayo madaktari wa kawaida huyatumikia miaka mitatu au zaidi. Hapa wakosoaji wana haki. Jibu langu ni kwamba takwimu na mbinu za utafiti ziwe za lazima ndani ya ile miaka mitatu, mahali pa masomo ya hiari.

Nikishalipa deni hilo, narudi kwenye kitu ambacho mjadala huu haukipi uzito: ile shahada ya kwanza yenyewe. Oregon inatoa leseni za naturopathia tangu 1927 na Arizona tangu 1935, lakini ukichukua nchi nzima ni kama nusu tu ya majimbo yanayotoa leseni. Texas haitoi. Tennessee na South Carolina zinakataza kazi hiyo kwa sheria. Fikiria mhitimu aliyesoma Portland, Oregon, akaolewa, mume akapata kazi Nashville, Tennessee. Udaktari wake haumpi ruhusa ya kumtibu mtu. Shahada yake ya biolojia, iliyoonekana kama ngazi ya kupandia tu, ndiyo inayomwingiza maabara, darasani kufundisha, au kwenye uuguzi kwa programu fupi za wenye shahada. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wale wanaoshauri mtu apite haraka bila kuijali shahada hiyo.

Na ndipo penye mtego wa 3+4. Shahada ya kwanza haitolewi mwishoni mwa mwaka wa tatu. Inasubiri mwaka wa kwanza wa naturopathia uishe, kwa alama zinazokubalika. Anayeshindwa biokemia baada ya miezi saba huko, au anayegundua kwamba taaluma si yake, ana miaka mitatu na zaidi ya masomo na hana cheti hata kimoja. Vyuo vingi vya Marekani hudai krediti (vipimo vya kuhesabia masomo) 30 za mwisho zisomwe chuoni hapohapo. Mkataba wa 3+4 humwondolea mwanafunzi sharti hilo, lakini humwondolea kwa sababu anaendelea na mpango. Akitoka, sharti linaweza kumrudia. Kabla hajafungasha, mwanafunzi aombe kwa maandishi majibu ya mambo matatu: nafasi yake katika chuo cha awali inashikiliwa kwa muda gani, krediti zipi alizopata chuo cha naturopathia zitahesabika, na msaada wa masomo aliokuwa nao utamngoja au la.